Nani Kasema ni Magugu?

Wapanda miamba wa Uingereza wana neno linalonichekesha. Kazi ya kung'oa mimea kwenye nyufa za mwamba, kabla ya kupitisha njia mpya ya kupandia, wao huiita kazi ya bustani. Mtu hujifunga kamba juu ya genge, akateremka polepole na brashi ya waya, msumeno mdogo na mtaimbo. Anakwangua, anang'oa vichaka, anakomba udongo mpaka ufa unabaki mtupu. Sababu anayo, tusimwone mjinga. Ndani ya ufa ndimo anamoingiza vidole, na ndimo anamopachika vyuma vya kumdaka akiteleza. Ufa ukijaa mizizi na tope, chuma hakishiki. Na chuma kisiposhika, mtu anakufa. Lakini ni bustani gani hiyo inayolimwa ili kisiote kitu?

Sisi watu wa Kyela palizi tunaijua. Mpunga usiopaliliwa ni njaa, au angalau ada ya mtoto imekwenda na maji. Hapo nang'oa wala siulizi dhamiri. Ila hata shambani, nani kasema hili ni gugu na lile ni zao? Tumbo ndilo lililosema. Mchunga ukiota katikati ya mpunga ni gugu, ukiota nyuma ya jiko ni mboga.

Sasa twende Matema. Ukisimama pale ufukweni ukatazama mashariki, Milima ya Livingstone inaporomoka ziwani kama ukuta. Maji yako kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vinapita mita 2,000. Tuseme kesho anatokea kijana na kamba begani, anataka kufungua njia. Si jambo la ajabu. Wenzetu wa Kenya wanapanda Lukenya na Hell's Gate siku nyingi. Je, tumwache akwangue?

Rafiki yangu mmoja, tuliyemaliza naye kidato cha nne, alinicheka nilipomwuliza. "Bwana we! Watu wanachoma mlima mzima kila kiangazi, wewe unalilia vijani vya kwenye ufa? Si vitaota tena!"

Hilo la moto ni kweli, na linaniuma. Lakini ovu kubwa halijawahi kulifanya dogo kuwa jema. Na hilo la kuota tena ndilo hasa ninalolikataa. Gugu la mpunga ukiling'oa leo, baada ya wiki mbili limerudi linakucheka. Udongo wa kwenye ufa ni hadithi nyingine. Unakusanywa na upepo, mvua na majani yaliyooza, chembe kwa chembe. Kule Kanada, kwenye magenge ya Niagara, wataalamu walihesabu pete za miti midogo iliyojikunja mwambani, wakakuta mingine imeishi zaidi ya miaka 1,000. Kabla ya hapo mtu aliweza kuikata kwa kuiona vichaka tu. Msumeno wa dakika tano, bwana, kwa kitu kilichoanza kabla Wareno hawajafika Kilwa!

Tena si lazima twende mbali. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja mtawala wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli. Leo wanaliita urujuani wa Afrika, na huko Ulaya linakaa dirishani ndani ya chungu, linanyweshwa kwa kijiko kama mtoto mgonjwa. Ua lile lile, likiwa kwao kwenye ufa wa mwamba, ni uchafu wa kukwanguliwa. Kumbe thamani yake inategemea nani kalishika!

Najua utaniuliza habari za mkate. Juu ya milima hiyo hiyo, kwenye uwanda wa Kitulo, watu wamechimba viazi vya okidi, chikanda, vikauzwa Zambia kama chakula. Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na maua hayo ni sehemu ya sababu. Mchimbaji yule namlaumu nusu, kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Mpandaji halishi mtu, anacheza. Ingawa mchezo nao si dhambi. Mimi mwenyewe naandika riwaya ambayo haijamlisha hata kuku. Na mgeni mwenye kamba atakula samaki, atalala kwa watu, vijana watabeba mizigo walipwe. Siwezi kujifanya sioni hilo wakati sina kazi.

Kinachonikera zaidi ni ile desturi yao kwamba wa kwanza kupanda ndiye anayeipa njia jina. Amekwangua, amepanda, amebatiza, basi imekwisha. Wa pili anakuta ufa mweupe na hajui palikuwa na nini.

Kwa hiyo akinijia pale Matema, kamba nitamshikia. Msumeno tutauacha chini. Kwanza tutakwea na mzee anayejua majina ya majani, atuambie kila kilichomo ufani kinaitwaje, nami niandike. Penye mti mkongwe njia ipinde. Akisema ikipinda haina utamu, basi atafute mwamba mtupu. Ng'ambo ile ipo mingi.