Ni Nani Mwenye Haki ya Kutangulizwa Hospitalini?

Ndugu zetu wa Kwale hawana haja ya kuelezwa jinsi chumba cha dharura kinavyojaa. Wa Diani na wa Lunga Lunga huitegemea hospitali ya Msambweni, na ugonjwa ukizidi huvushwa Likoni kupelekwa Mombasa. Katika umati ule mna aliyeanguka na pikipiki, mna mja mzito atokwaye na damu, na mna pia mwenye mafua na aliyeishiwa na dawa zake za presha. Basi twauliza: mahali pale ni haki ya nani?

Wako wasemao kuwa ni haki ya aliyetangulia kufika. Hayo ni sawa sokoni. Hospitalini si sawa. Hapo haki hupimwa kwa uzito wa dhara. Larrey, tabibu wa majeshi ya Napoleon, aliwatanguliza majeruhi walio taabani bila ya kutazama vyeo. Awezaye kungoja akikaa mahali pa asiyeweza, amekalia haki ya mwenziwe, ingawa hakukusudia.

Lakini hatuwezi kumlaumu ikiwa hana mlango mwengine. Ndipo twaona kheri ya matibabu kwa simu: mtu yuko kwake, naye azungumza na daktari, amwonyesha upele kwa picha, au aandikiwa dawa iliyokwisha. Wala jambo hili si geni. Abubakar Ar-Razi, aliyefariki karibu na mwaka 925, alitunga kitabu kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu wa kumhudhuria. Kumtibu aliye mbali ni kwa zamani. Chombo ndicho kipya.

Hata hivyo yapo mambo matatu ya kuchungwa. La kwanza, simu haibonyezi tumbo wala haizuii damu. Kifua kinachobana, mdomo uliopinda ghafula, mtoto mwenye degedege, kuumwa na nyoka: haya ni ya kukimbilia hospitali mara moja. La pili ni dhamana. Wanazuoni wa fikihi wamesema kuwa atibuye watu naye hajulikani kwa utabibu hudhamini madhara atakayoyaleta. Basi asifanywe daktari kila mwenye maneno matamu katika simu. Na aulizwe jina lake na idhini yake ya kazi. La tatu ni siri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 juu ya afya ya kidijitali imeamrisha habari za mgonjwa zihifadhiwe. Nasi tunaoshirikiana simu moja nyumba nzima tuichunge amana hiyo.

Na wenye mamlaka twawakumbusha kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Simu iwe mlango wa pili, isigeuzwe komeo la mlango wa kwanza. Bibi kizee wa Kinango asiye na simu asije akaambiwa langoni, "Rudi, ukapige simu." Wala isiwe hoja ya kupunguza madaktari.

Kwa hivyo rai yetu ni hii: mwenye maradhi mepesi, naye ana njia ya simu, awaachie nafasi walio hatarini. Mwenye shaka na aende hospitali, wala hana lawama. Na vijana wawasaidie wazee wasiojua kuitumia simu, kwani hiyo nayo ni sadaka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.