Wema, Sifa na Uwezo: Kipimo cha Mtu Mwema katika Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kongowea ni mojawapo ya majina ya kale ya mji wa Mombasa. Hivi leo jina hilo limebaki kwa mtaa wa bara, ng'ambo ya daraja la Nyali, unaojulikana mno kwa soko lake la mazao. Katika soko la namna hiyo, suala ambalo wahakiki hulijadili kwa nadharia hujitokeza kila siku. Mchuuzi wa vitunguu amkopeshaye kila mwombaji husifiwa kuwa ni mtu wa watu, mpaka mtaji unapomwishia. Akikataa, huitwa bahili. Je, wema wake upimwe kwa sifa za watu au kwa uwezo wake? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuzingatia methali tatu na kazi mbili za fasihi andishi.

2.0 Sifa

Methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" hufundishwa kwa kawaida kama onyo kwa mgema. Lakini yawahusu pia wenye kusifu: sifa ni ujira, na ujira unaotolewa mapema humwondolea mtendaji sababu ya kuendelea. Dawa yaelekea kupatikana katika methali nyingine, "Tenda wema nenda zako". Mtendaji aondoke kabla hajashukuriwa.

Dawa hii yamfaa msafiri. Mchuuzi wa Kongowea haendi popote. Kesho yu palepale, na jina lake jema ndilo limfanyalo naye aaminiwe na mwenye shehena. Kwa hiyo si haki kumwita mnafiki kila ajaliye kauli za watu. Mtu hujulikana pale sifa na wema vinapofarakana, naye akalazimika kuchagua kimoja.

Mfarakano huo ulimkabili Abdilatif Abdalla, mshairi aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946. Kwa waraka wake wa Kenya: Twendapi? (1968) alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Tungo alizozitunga gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Nafsi inenayo katika shairi la "Siwati" inashikilia kuwa haitaacha msimamo wake. Na katika "Kuno Kunena" inauliza sababu ya kuadhibiwa kwa kunena. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Sifa zilifika, lakini zilifika baada ya gharama kulipwa. Kama zingekuwa ndiyo sababu ya kunena, asingenena.

3.0 Uwezo

Methali ya tatu yasema: "Wema usizidi uwezo". Msomaji mvivu huona hapa ruhusa ya kutotenda. Hata hivyo, methali haisemi uwezo huo ni kiasi gani, wala nani aupime. Mwenye kujipimia mwenyewe aweza kuupunja kila apendapo.

Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952, yaingia ndani zaidi ya tatizo hili. Adili, mtumishi mwaminifu wa Mfalme Rai, ametendewa uovu na nduguze, Hasidi na Mwivu. Nao wamegeuzwa manyani, na kwa amri ya jini Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Huruma anayo, bali huruma haizuii kiboko. Huo ndio mpaka wa uwezo wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kulazimishwa hakumfanyi ayaone mapigo yale kuwa mema, anaendelea kuhuzunika. Anayeshindwa kutenda wema bado anadaiwa kuuita uovu kwa jina lake.

Zaidi ya hayo, adhabu inakoma baada ya siri kufichuka na Rai kuingilia kati. Yaliyozidi uwezo wa Adili hayakuzidi uwezo wa mwingine. Alipokuwa amejifungia na siri yake, mpaka ule ulionekana kama hatima. Uliposikika kwa mwenye mamlaka, ukasogea.

4.0 Hitimisho

Kwa hiyo mpaka wa wema wa mtu mmoja haujulikani kwa kumtazama yeye peke yake. Mchuuzi aliye katika chama cha akiba aweza kumsaidia jirani bila kufilisika, kwa kuwa hasara imegawanywa. Vilevile, bei ya kusema kweli huwa kubwa kwa mmoja kwa kadiri wengi wanavyonyamaza. "Wema usizidi uwezo" ni nasaha kwa mtendaji. Lakini kwa jamii inayomtazama ni hoja ya kuihukumu, kwani ndiyo inayompunguzia au kumwongezea uwezo huo. Jamii itoayo sifa tu, isichangie mzigo, haina haki ya kumlaumu mwema anapochoka.