Uzi wa Tabibu na Udhuru wa Mwenye Kusali

Imran bin Husain, sahaba aliyefariki Basra mwaka 52 wa Hijra, alikuwa na maradhi ya njia ya haja kubwa, ambayo riwaya ya Bukhari huyataja kuwa bawasiri na ya Abu Daud kuwa nasuri. Naye alipomwuliza Mtume asali vipi, aliamrishwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, na asipoweza hata hilo alale ubavu. Juu ya jibu hilo maulamaa wamejenga hukumu za sala ya mgonjwa, nalo lilitokana na ugonjwa ambao leo mtu humficha hata mkewe.

Nasuri ni tundu lisilo la maumbile, litokalo ndani ya njia hiyo hadi kwenye ngozi, likipitisha usaha. Wengi hupasuliwa wakapona. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la tabibu wa New York aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenziwe Ginzburg na Oppenheimer, jeraha hukawia kufunga, matundu mapya huzuka kando ya lile la kwanza, na msuli uzuiao choo ukikatwa huenda asiweze tena kujizuia maisha yake yote. Kwa hiyo mpasuaji mwenye hekima hutoa usaha, akapitisha uzi laini tunduni, akaufunga bila kuukaza, akauacha humo kwa miezi na pengine kwa miaka, ili usaha upate pa kutokea usije ukawa jipu, huku dawa kama infliximab zikituliza uvimbe. Wayunani wa kale nao walitumia uzi, ila wao waliukaza ukate nyama.

Je, tiba isiyoahidi kuondoa maradhi ni tiba? Wako wasemao kuwa mwenye imani angesubiri tu, na hoja yao ni Imran huyo huyo, aliyejitibu kwa kuchomwa moto kisha akajuta. Mimi nayasoma mambo kwa namna nyingine. Imran mwenyewe alisimulia kwamba Mtume aliwakataza kuchomwa, nao wakachomwa na wasifaulu. Basi lawama, kwa nionavyo, iko juu ya moto uliodhuru bila kuponya, na aliye karibu zaidi na moto huo leo ni mpasuaji mwenye pupa akataye msuli wa mgonjwa wa Crohn, wala si yule auachaye uzi.

Na fakihi hutenda vivyo hivyo: katika madhehebu ya Shafii, mwenye hadathi isiyokatika, yaani atokwaye daima na kitu kivunjacho udhu, hujisafisha, akajifunga, akatawadha baada ya wakati kuingia, kwa kila faradhi, akasali bila kukawia, na kimtokacho baadaye hakibatilishi sala yake. Hatakiwi tahara asiyoiweza, kama mpasuaji asivyoudai mwili upone kwa namna usiyoiweza.

Nawaomba maimamu wetu waisomeshe hukumu hii wazi katika darasa zao, kwani wenye maradhi haya huona haya kuuliza, na wengine wameacha sala ya jamaa kwa kudhani sala yao haifai.