Kamba Halali na Deni la Mvuvi

Mtu huketi jioni katika hoteli ya ufuoni Lamu, akaletewa kamba mawe aliyechomwa akatiwa ndimu. Je, chakula hiki ni halali? Wengi watajibu upesi: katika madhehebu yetu ya Shafii kiumbe wa bahari ni halali, basi. Ni kweli. (Mahanafi huhalalisha samaki tu, lakini silo tulitakalo leo.)

Sisi twauliza jengine: kamba huyu alinunuliwaje? Kusi ikikaza, Juni hata Agosti, bahari huchafuka na wavuvi wengi hawatoki. Mvuvi hukopa unga wa watoto, wavu, pengine na mashine ya mashua. Wako wakopeshaji wasiotoza faida hata senti moja, nao husifiwa kwa hilo. Lakini sharti lao ni kuwa kila akivuacho mvuvi awauzie wao, kwa bei waipangayo wao. Kaskazi huingia, kamba akauzwa chini ya bei ya soko, na upungufu ule ndio faida iliyojificha. Wanazuoni wa fiqhi wamekwisha eleza kuwa mkopo ulioshurutishwa manufaa kwa mkopeshaji ni katika riba.

Mlaji asiyejua hatumtwiki dhambi ya mwengine. Mwenye hoteli anunuaye kwa mkopeshaji huyo udhuru wake ni mdogo, kwani kuuliza hakumshindi. Ama sisi wenyeji, misikitini twachanga fedha za mazulia kila mwaka. Mfuko wa kumkopesha mvuvi miezi ya kusi, pasi na sharti, tumeuweka wapi?