Adapta Ilipogeuka Jiko

Fundi mmoja kijana wa hapa Yakobi, ambaye ameniomba nisimtaje jina, aliletewa na mjomba wake kutoka Marekani kompyuta ya zamani aina ya Commodore 64. Mashine hii ilianza kuuzwa mwaka 1982. Ni kibodi nene tu, kompyuta yote imo ndani, na haina kioo chake. Unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, inakupa rangi 16. Wakati wake ilikuwa maajabu.

Huku bara wengi wetu hatukukua na vitu hivi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kituo cha kwanza cha televisheni tulikipata mwaka 1994, wakati wenzetu Zanzibar walishaonja televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mashine kama hii ikikufikia leo, mzee wa kumuuliza mtaani humpati. Unabaki na maandishi yaliyobandikwa chini yake. Basi tuyasome.

Chini ya adapta yake iliandikwa kwamba inataka umeme wa Marekani, volti 120 hivi, wenye mizunguko 60 kwa sekunde. Kijana aliona volti, akaelewa. Alipanda basi hadi Makambako, akanunua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230. Hapo alifanya vizuri, ila alifanya nusu. Transfoma ile hushusha volti, haigusi mizunguko, na umeme wa TANESCO ni wa mizunguko 50. Adapta iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 ikilishwa 50 hupata joto kuliko kawaida, hata kama volti ni sahihi. Tena hii ya Commodore inajulikana duniani kote kwa udhaifu wake: ndani imemiminiwa gundi ngumu, joto halina pa kutokea. Kidhibiti chake kikichoka, zile volti 5 za kulisha kompyuta hupanda, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoumia kwanza.

Aliiunganisha na televisheni ya kichogo kwa waya wa antena. Akatafuta chaneli mpaka chenga zikatulia, maandishi yakatokea. Nyumba nzima ilipiga makofi. Lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ilipanda kila mara kama inayoteleza, na sauti haikuwepo kabisa.

Hiyo nayo ilikuwa ishara, na ilisema wazi kabisa. Mashine ya Marekani hutoa picha kwa mfumo wa NTSC: mistari 525, na rangi yake imebebwa kwenye masafa ya megahezi 3.58. Televisheni zetu zimezoea PAL, mistari 625, rangi kwenye 4.43. Sauti nayo inakaa mahali pengine. Televisheni ya PAL inaweza kuukamata mwanga wa picha ile, lakini rangi haioni ilipo. Hakuna kilichoharibika. Ni vifaa viwili visivyosikilizana.

Dawa ilikuwepo, tena ya bei ndogo. Kompyuta ile ina tundu la mviringo nyuma ambalo picha hutoka bila kupitia mlango wa antena. Ukitengeneza waya kutoka pale hadi tundu la njano la AV, lile la deki, kisha ukaingia kwa rimoti sehemu ya mfumo wa rangi na kuchagua NTSC 3.58, televisheni nyingi zilizouzwa huku hupokea bila ubishi. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua kulehemu.

Yeye aliamini televisheni ndiyo mbovu. Alifungua mgongo wake akaanza kugeuza vidude vya ndani huku imewaka. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana mafundi wa vijijini tunalichukulia hili kirahisi mno. Ndani ya televisheni ya kichogo mna umeme unaozidi volti 20,000, na kioo chake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mungu alimsitiri, mkono wake haukufika huko.

Muda wote huo kompyuta ilikuwa inawaka. Ilikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Yakobi baridi haina mchezo. Wadogo zake waliigundua adapta chini ya meza, wakawa wanapokezana kuweka viganja juu yake. Aliwakuta wanaota moto, akacheka. Hata mimi ningecheka. Adapta yenye uvuguvugu si ajabu. Inayotosha watoto watatu kuota moto inatakiwa ichomolewe dakika ileile.

Mama yake aliingia na chai. "Mwanangu, hiki kitu kinanuka."

"Vitu vya zamani ndivyo vilivyo, mama."

Jioni iliyofuata maandishi yalianza kuchanganyika, herufi zikageuka alama zisizosomeka. Alizima, akawasha, yakakaa sawa. Akaona imepona. Alipowasha tena baadaye, kioo kilikuwa cheusi. Alipoifungua kompyuta na kugusa chipu nane za kumbukumbu, baadhi zilimuunguza kidole.

Ukipata mashine ya namna hii, kabla ya kuchomeka chochote pima kwa mita kile adapta inachotoa. Ikizidi volti 5 na robo upande wa DC, usiiguse kompyuta. Tafuta adapta mpya. Na usidhani ya Uingereza haina mtego kwa kuwa umeme wao unafanana na wetu. Sinclair ZX Spectrum, ya mwaka 1982 nayo, ni ya PAL na utaikuta kwenye chaneli 36 ya UHF ikiwa na rangi zake. Lakini pini yake ya katikati ni hasi, kinyume na adapta nyingi za volti 9 zinazouzwa madukani leo. Plagi inaingia vizuri kabisa.