Siri Inayolipwa na Mwengine

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema itakuwaje pale mlipaji anapokuwa mtu ambaye, siku ilipofungwa ahadi, alikuwa hata hajatungwa mimba.

Ndiyo hali ya mtoto aliyezaliwa kwa mbegu au yai la mtu wa tatu. Mtoaji aliahidiwa siri, wazazi wakaridhia, daktari akashuhudia. Hao walikubaliana kwa hiari yao. Mzigo wa kutojua atokako akabebeshwa mtoto.

Sweden ndiyo iliyotangulia kuiondoa siri hiyo, kwa sheria iliyoanza kutumika 1985. Uingereza ilifuata: mtu aliyezaliwa kwa mbegu au yai la mtoaji aliyejiandikisha baada ya 1 Aprili 2005, katika hospitali yenye leseni, anaweza kuomba jina lake afikapo miaka 18. Wa mwanzo wao walifikia umri huo mwaka 2023. Waliotoa kabla ya hapo wameachiwa siri yao, ila aliyejitokeza mwenyewe. Wala mtoaji hadaiwi malezi, na mtoto hamrithi.

Wapo wanaosema kuwa siri ikiondoka watoaji watapungua, na watoto wengi hawatazaliwa kabisa. Basi vipi mtoto ailalamikie siri iliyomleta duniani? Hoja hii ina uzito, na wenye kiu ya mwana wanaujua. Lakini kila mtu amezaliwa kwa matamanio ya wengine, na hakuna anayetakiwa aitoe nasaba yake kuwa malipo ya kuzaliwa.

Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, aliruhusu matibabu haya baina ya mume na mke, akakataza mbegu ya mtu wa tatu, kwa kuchelea nasaba isije ikachanganyika. London na Cairo zimeachana juu ya tendo lenyewe. Zimekutana katika kukiri kwamba asili ya mtoto si mali ya wakubwa, waifiche wapendavyo.

Imebaki kasoro moja. Daftari la Uingereza limehifadhi jina, lakini hakuna sheria inayomlazimu mzazi kumwambia mwanawe kuwa jina hilo lipo. Asiyejua kuwa kuna mlango hawezi kupiga hodi. Kumwonyesha mlango huo ni amana iliyo mikononi mwa waliomlea.