Je, Akili Yaweza Kufundishwa Upya?

Liko neno tunalolisikia mara nyingi katika vijiji vya Kasongo na Kabambare. Mtu akipatwa na ugonjwa wa akili, jirani husema: "Huyo amekwisha." Wengine humfunga kamba. Wengine humpeleka katika chumba cha maombi, na akikawia kupona, huambiwa kwamba imani yake ni haba. Basi yafaa tujiulize mambo mawili. Je, akili iliyoumia haiponi tena? Na asiyepona, je, kosa ni lake?

Tuanze na la kwanza. Zamani waganga wengi wa Ulaya walidhani kwamba ubongo wa mtu mzima haubadiliki. Siku hizi wanajua kwamba sivyo. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walitangaza kwamba wamepima ubongo wa madereva wa teksi wa London, ambao hujifunza kwa kichwa maelfu ya barabara za mji ule. Sehemu moja ya ubongo, yenye kazi ya kukumbuka njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine.

Ubongo basi wafanana na mwitu wetu. Njia ipitwayo kila siku hubaki wazi. Isiyopitwa huzibwa na majani. Watu wa Salamabila na penginepo walioonja vita, wengine akili zao zimezoea njia ya hofu, na ya kujilaumu kwa uovu waliotendewa.

Je, njia nyingine yaweza kufunguliwa? Habari imetoka karibu nasi, katika vijiji vya Kivu. Wanawake waliotendewa jeuri walifundishwa mara 12, karibu zote katika vikundi, namna ya kulishika wazo linalowatesa na kulichunguza: Je, ni kweli? Nani aliyetenda kosa? Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kwa kichwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya mafundisho, 9 kwa 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Kati ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa 100.

Labda mkristo atasema: Kujizoeza hivi si kukosa imani? Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba neema haiiharibu asili yetu, bali huikamilisha. Mkumbukeni Naamani, mwenye ukoma. Alikasirika kwa sababu nabii alimwagiza jambo dogo tu, kujichovya katika Yordani mara saba. Mungu ndiye aliyemponya, lakini ilimpasa Naamani kushuka mtoni, tena na tena.

Sasa la pili. Wanafunzi walipomwuliza Bwana wetu Yezu Kristo kama kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, alikataa yote mawili. Nasi tukatae. Wako wagonjwa ambao mazoezi peke yake hayawatoshi. Wanahitaji dawa za hospitali, pengine maisha yote. Asiwepo wa kuwaambia wazitupe. Kule Bukavu, hospitali ya Sosame huwatunza wagonjwa hao kwa kazi ya mabruda wa shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Triest huko Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Kama dawa si aibu kwao, isiwe aibu kwetu.

Lakini Bukavu ni mbali, na mgonjwa yu jirani. Barabara ikizibwa na majani, hatumwachi mtu mmoja aifungue. Twaitana kwa salongo, kila nyumba na panga lake. Mbona katika ugonjwa wa akili twamwacha mwenzetu alime peke yake, kisha twamlaumu kwamba njia haijafunguka?

Basi tufunguliwe sisi kwanza. Tuifungue kamba. Tumwite mgonjwa kwa jina lake, si kwa jina la ugonjwa wake. Tumtembelee siku ile ile kila juma, tumkumbushe dawa, twende naye shambani na kanisani. Na akianguka tena, turudi tena. Naamani naye alikuwa na watumishi waliomsihi kwa upole. Bila wao angalirudi kwao na ukoma wake.